Haka Kamesogea

Jumamosi, saa saba usiku. Darubini nimeshairudisha ndani, imelowa umande kama iliyonyeshewa. Usingizi sina, basi naandika.

Nilipanga usiku huu uwe wa mistari ya Mshtarii. Tangu Desemba naiwinda ile mikanda miwili ya kahawia, na leo hali ilikubali: upepo wa kaskazi ulitulia mapema, mawingu yakabaki baharini, na sayari ilikuwa juu sana, mbali na mabati ya jirani. Mabati ndiyo adui yangu hapa Tabata, Dar es Salaam. Yanashinda juani kutwa, kisha usiku yanatema joto taratibu, na chochote unachokitazama juu yake hutetemeka kama sarafu iliyo chini ya maji ya mfereji.

Darubini yangu ina kioo cha sentimita 20 na imekaa juu ya boksi la mbao linalozungushwa kwa mkono. Haina mota ya kuifuata sayari. Nikifunga kamera na lenzi ya kukuza mara mbili, Mshtarii hukatiza kwa nusu dakika hivi, kisha naisukuma darubini tena. Sipigi picha moja. Narekodi video, halafu programu inachambua maelfu ya fremu, inachagua zile zilizonaswa hewa ikiwa imetulia na kuzipanga moja juu ya nyingine. Wala siwezi kurekodi nitakavyo, maana sayari ile, kubwa kuliko zote, hujizungusha kwa muda usiofika saa kumi. Ukizidisha dakika tatu hivi, alama zake zinaanza kuburuzika.

Mpwa wangu wa darasa la nne aliruhusiwa kukesha nami. Alikaa kwenye kigoda na daftari lake mapajani. Nikamwonyesha mistari kwenye kompyuta, nikiwa na furaha isiyo kifani. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mjomba, na miezi yake iko wapi?"

Haikuwepo. Alipochungulia kwa jicho aliihesabu yote minne, Io, Europa, Ganymede na Callisto, lakini kwenye video nilikuwa nimeifuta mwenyewe. Ili mistari ionekane, kamera inatakiwa ipokee mwanga kidogo, na hapo miezi inazama gizani. Ukiongeza mwanga ili itokee, sayari inageuka duara jeupe tupu. Wiki zote hizi nimechagua mistari bila hata kujiuliza.

Nikaongeza mwanga. Vitone vinne vikajitokeza, viwili kila upande. Saa tatu na nusu akavichora. Saa nne akachora tena. Saa nne na nusu akanishika mkono: "Mjomba, mbona haka kamesogea?"

Ilikuwa Io. Humaliza mzunguko wake kwa saa 42 na nusu, na kwa saa moja husogea karibu nusu ya upana wa Mshtarii. Tarakimu hizo nazijua miaka mingi. Ila sijawahi kuziona zikitembea daftarini, kwa mkono wa mtoto, uani kwetu. Januari 1610 Galileo naye alichora vitone hivi usiku baada ya usiku, mpaka akaelewa kwamba si nyota.

Nikamsimulia habari za Ole Rømer, mwanaastronomia wa Denmark. Mwaka 1676 alieleza kwamba kupatwa kwa Io, yaani kuzama kwake kwenye kivuli cha Mshtarii, huonekana kukichelewa kadiri Dunia inavyojitenga na Mshtarii, kwa sababu mwanga nao unahitaji muda wa kusafiri. Nikamwambia hata hii tunayoiona sasa, mwanga wake uliondoka kule zaidi ya nusu saa iliyopita.

Akanyamaza. Nikadhani usingizi umemshika.

"Kwa hiyo sasa hivi imeshafika wapi?"

Hilo sikuwahi kuulizwa, wala kujiuliza. Tukapiga hesabu pamoja: kwa muda huo Io huenda kama robo ya upana wa sayari. Kwenye kompyuta ilikuwa bado nje ya ukingo, pembamba tu, imebakiza kidogo kugusa. Yenyewe imeshapita.

Akachukua penseli, akachora kitone cha mwisho ndani ya duara, chepesi kuliko vingine, akakiandikia pembeni: sasa hivi.