Bibi anaona wageni ambao sisi hatuwaoni

Ilianza mwaka juzi, tumekaa ukumbini kwake Tanga, mi na mamdogo na yeye, umeme umekatika na magharibi inaingia, mara bibi anasema mbona hamuwakaribishi hawa watoto wamesimama mlangoni mda wote huo. Tukaangalia, hamna mtoto. Mamdogo akatoka na tochi mpaka uani kwa jirani, hamna mtu.

Bibi yangu amepita miaka 80 na macho yake yameliwa na presha ya macho, ile glaukoma, inakula taratibu miaka na miaka wala haiumi, na sisi tunakuja kushtuka jicho moja limeshazima kabisa na la pili limebaki kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kikombe cha chai lazima umshikishe mkononi. Sasa mtu huyohuyo anakwambia ni watoto wanne, wafupi kama kinu, wamevaa kofia nyekundu zina vishada, na hivyo vishada anaviona kimoja kimoja! Hapo ndo tulipoogopa, yaani visivyokuwepo alikuwa anaviona vizuri kuliko vilivyokuwepo.

Basi kwetu si mnajua. Akasomewa, akanywa kombe, nyumba ikafukizwa ubani wiki nzima, jirani mmoja akasema hayo ni majini ya ukoo yanadai chao. Hospitali ya kwanza tuliyoenda daktari hakuuliza hata swali moja la macho, akaandika dawa za wagonjwa wa akili na bibi akawa analala kutwa, mate yanamtoka. Tulipoziacha, bibi akawa haongelei tena mambo ya watoto, tukafurahi tukajua amepona. Kumbe hajapona chochote, alikuwa anawaona kila siku anakaa kimya ili tusimwite kichaa. Miezi sita. Hilo mpaka leo linaniuma kuliko zile dawa.

Aliyetufungua ni daktari wa macho kwenye kliniki nyingine. Alimuuliza bibi kwa upole, shikamoo kwanza, afu akauliza bibi hao watu wanaongea? Hawaongei. Wanakugusa? Hata. Na wewe mwenyewe unaona ni watu kweli? Bibi akajibu, "Baba, najua hawapo. Lakini nawaona, nifanyeje?" Daktari akacheka kidogo akamwambia bibi, "Mama yangu, akili yako nzima," hii kitu ina jina lake, inaitwa sindromu ya Charles Bonnet.

Nilivyorudi nyumbani nikasoma usiku kucha. Bonnet alikuwa mtaalamu wa viumbe huko Geneva, Uswisi, na mwaka 1760 aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee wa karibu miaka 90 mwenye mtoto wa jicho, akili timamu, ambaye alikuwa anaona wanaume, wanawake, ndege, magari ya farasi, majengo, vyote kimya na vyote havipo. Miaka zaidi ya 260 iliyopita! Na huyo mjukuu hakumwambia babu yake amerogwa wala amechanganyikiwa, alikaa akamsikiliza.

Sasa kinachotokea ni nini, nieleze nilivyoelewa mi. Tunadhani jicho ni kama dirisha, vitu vipo nje vinaingia ndani basi umeona. Siyo. Jicho linaleta malighafi tu, mwanga hapa giza pale, na ubongo ndo unakaa kuvipanga mpaka vinakuwa mlango, uso wa shangazi, daladala inayokuja. Kama hunisadiki chukua daftari la mistari, chora msalaba mdogo, afu pembeni kulia kama sentimita 8 weka nukta nene. Fumba jicho la kushoto, la kulia liangalie msalaba bila kuhama, sogeza daftari taratibu kuja usoni. Ikifika kama sentimita 30 nukta inapotea. Kila jicho lina sehemu haioni kitu kabisa, pale mshipa wa kwenda kwenye ubongo unapotokea. Lakini cha ajabu siyo nukta kupotea, cha ajabu ni kwamba huoni shimo, unaona mistari ya daftari inaendelea kama kawaida. Nani kaichora hiyo mistari? Ubongo wako, umekisia kilichopo pembeni ukaziba pengo, na unafanya hivyo toka uzaliwe hukuwahi kuambiwa.

Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufia Cairo, alishayaona haya miaka kama 1000 iliyopita kwenye Kitab al-Manazir, kitabu chake kuhusu mwanga na kuona, kwamba kuona siyo mwanga peke yake, kuna kulinganisha na kukumbuka na kuamua ndani yake, ila kunapita haraka hivyo hujui kama umeamua.

Basi kwa bibi malighafi imekatika lakini fundi yupo kazini, hajaambiwa asimame. Mwaka 1998 watafiti wa London akiwemo Dominic ffytche waliwapima watu wa hivi kwa mashine ya kupiga picha ubongo, wakakuta anayeona rangi basi ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na rangi kweli inafanya kazi. Kwa hiyo bibi hakuwa anatunga, wala hakuwa anakumbuka tu. Alikuwa anaona, kwa maana yote ya neno kuona, isipokuwa jicho halikuhusika.

(Kama una mzee anaona vitu mpeleke apimwe lakini, maana homa, baadhi ya dawa na magonjwa mengine ya ubongo nayo yanaleta maono, usijiamulie nyumbani.)

Daktari alimfundisha akiwachoka awashe taa au achezeshe macho haraka kulia kushoto, mara nyingi wanaondoka. Ye mwenyewe siku hizi haogopi, asubuhi anatupa taarifa, leo wamekuja watatu, leo mmoja ana meno makubwa sijampenda.

Mwezi uliopita nilikuwa naye barazani anasuka ukili, hiyo kazi ameifanya toka binti na haihitaji macho, vidole vinajua. Mara akaacha kusuka, akasema mke mwenzangu, ukuta wote leo umejaa ukili. Nikamuuliza wa namna gani, akasema zambarau na kijani, unapanda na kushuka, sijawahi kuusuka huu. Nikamwambia bibi chezesha macho basi uondoke. Akaniinulia mkono, "Hebu ngoja nihesabu kwanza."

Tumemtafutia ukindu wa rangi hizo, mamdogo anampangia upande huu zambarau upande huu kijani ili asichanganye. Jana nimempigia simu, kafika pima nne.