Jinsi nilivyopima kinga za nafsi kwa hojaji, Lamu

Hojaji niliyokwenda nayo Lamu kwa utafiti wangu wa shahada ya pili ina maswali 40. Ni ile ya Andrews, Singh na Bond ya mwaka 1993, iliyofupishwa kutoka hojaji ndefu zaidi ya Michael Bond. Inagusa kinga 20 za nafsi, yaani njia ambazo akili hujikinga na mambo machungu, maswali mawili kwa kila kinga: kukana, kumsingizia mwenzako hisia zako, kuhamishia hasira kwa asiyehusika, ucheshi na nyinginezo. Mtu hujipa namba, 1 ikiwa hakubali kabisa, 9 ikiwa anakubali kabisa.

Lililoninyima usingizi ni hili: kinga hizi, tangu enzi za Sigmund Freud, mwasisi wa uchanganuzi nafsi, na bintiye Anna, husemwa kwamba hufanya kazi bila mwenyewe kujua. Sasa utamuulizaje mtu jambo analojificha mwenyewe? Jibu la Bond ni kwamba kinga yenyewe huioni, ila alama zake mtu huziona katika mwenendo wake, au huambiwa na walio karibu naye. Darasani niliitikia tu. Nilikuja kulielewa mtaani Langoni, mjini Lamu.

Tafsiri yangu ilikuwa sanifu, na mwenzangu alipoirudisha kwa Kiingereza ikalingana na ya asili. Nikadhani nimemaliza. Nikamsomea mvuvi mmoja swali la mtu anayefanya kazi polepole makusudi ili kumkomoa bosi wake. Akanitazama.

"Mwanangu, mimi sina bosi. Nina nahodha. Na baharini ukizembea makusudi, mwazama nyote."

Akanieleza kwamba anayemuudhi ni tajiri, mwenye chombo, na kumkomoa tajiri ni kumwambia mashine imeharibika ilhali ni nzima. Basi swali likabadilika hapo hapo. Kabla ya kukusanya data yoyote nilikaa na watu wanane, mmoja mmoja, kila swali, nikimwomba anieleze kwa maneno yake amesikia anaulizwa nini. Wiki mbili nzima. Naamini bila wiki hizo namba zangu zote zingekuwa bure.

Ile 1 mpaka 9 nayo ilisumbua, kwani watu walitaja moja au tisa tu. Nikapanga kete tisa za bao kwenye mkeka, mtu akawa anaweka kidole juu ya kete yake. Vidole vikaanza kutua katikati.

Jambo jingine nililokataa ni kuhesabu "Alhamdulillah" kuwa kukana. Anayelia usiku na asubuhi akamshukuru Mungu hajakana kitu. Huyo anasubiri, na subira anaijua mwenyewe. Na kwa kuwa maswali mawili ni machache mno kuipima kinga moja kwa uhakika, sikutoa hukumu ya kinga moja moja. Nilitumia makundi matatu ya hojaji: kinga komavu, changa, na za kineurotiki zilizo kati ya hizo mbili.

Namkumbuka mama mmoja mshona kofia. Mumewe alikwenda baharini miaka kadhaa nyuma, hakurudi. Kwenye swali la kwamba yeye haogopi kitu chochote, kidole kilikwenda kete ya tisa mara moja, hata macho hakuyaondoa kwenye kofia. Baadaye tukafika swali linalouliza kama watu humwambia kwamba hupuuza mambo machungu kana kwamba hayapo. Sindano ikasimama ndani ya kitambaa.

"Wanangu husema hivyo," akasema. "Nikitandika kitanda, naweka mito miwili."

Akasogeza kidole polepole, akakiacha kwenye ya saba. Nikaweka karatasi chini, tukakaa kimya mpaka adhana ya alasiri. Maswali yaliyobaki tuliyamaliza siku ya tatu yake, na yeye ndiye aliyeniita.