Siku moja ya Dani (yaani bibi, kwa Kijaluo) mtunzi wa nyimbo, Kisumu

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai nasikiliza vipande vya jana kwenye simu. Sauti ya wimbo ikikujia usiku usiiachie kichwa. Iimbe papo hapo, sekunde 20 zatosha, kisha itaje kwa maneno: "taa, tatu-tatu". Ikibaki "Rekodi 47" hutaipata tena. Leo kuna vipande vitatu. Viwili nafuta.

Saa 12 na nusu. Koo. Baada ya ukomo wa hedhi sauti ya mwanamke huteremka, na za juu ndizo huaga kwanza. Navuma midomo ikiwa imefumbwa kwa dakika 10, nikianzia katikati kushuka, ndipo nipande. Wimbo ninaoutunga sasa ulikuwa Doh (noti ya msingi) ni F. Naushusha hadi D. Sisi tuliolelewa na solfa za kwaya, yaani noti za do-re-mi, tuna bahati: nabadilisha herufi moja juu ya ukurasa, d r m zinabaki zilivyo. Kwenye gita naondoa tu kapo, kibanio cha nyuzi, iliyokuwa nafasi ya 3, kodi ni zile zile D, G na A (kodi za gita, si za KRA, watoza ushuru). Nyuzi zangu ni za nailoni. Za chuma haziwahurumii wenye baridi yabisi vidoleni.

Saa 2 hadi saa 5. Hapa ndipo kazi ilipo.

Wimbo ni wa nyumba ya mvuvi wa omena, dagaa wa ziwani, na omena huvuliwa usiku kwa taa, hasa giza la mwezi. Mstari wa kwanza: *Taa zawaka ziwani*. Mizani 8. Anayehesabu mizani tu atadhani amemaliza. Lakini neno la Kiswahili hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mdundo nao una mahali unapokanyaga. Wakikosana hao wawili, neno linaharibika. Kanyaga mguu mbili-mbili uimbe: TA-a, ZA-wa, KA-zi, WA-ni. Umesikia? "Kazi" imezaliwa katikati ya ziwa! Mkazo halisi uko silabi ya 1, ya 4 na ya 7, na hiyo ni tatu-tatu: TA-a-za, WA-ka-zi, WA-ni. Wengi hapa hukimbilia kubadili maneno. Badili mdundo kwanza.

Mstari wa pili ulikuwa *Baba bado hajarudi*. Nao una mizani 8, ila mikazo ni 1, 3 na 7. Ukiuingiza kwenye tatu-tatu, mguu unakanyaga "do". Mjukuu, anayekula mkate mlangoni, akauliza, "Dani, badó ni nini?"

"Ni kosa la Dani."

Nikajaribu *Baba hajafika bado*: 1, 5, 7. Haikukaa. Nikazunguka chumba, nikafuta, nikaimba bila maneno, la-la-la tupu, hadi nikajua ni wapi sauti inataka uzito. Hatimaye: *Baba yu mbali majini*. 1, 4, 7, na kina cha -ni kimekuja chenyewe. "Hajarudi" nililipenda, kwa hiyo nimelihamishia kwenye kiitikio, kule sauti inakovutwa. Saa tatu nzima za kazi, mistari miwili. Mwendo mzuri sana huo.

Saa 5 na nusu. Kurekodi, maana mvua za Kisumu hupenda alasiri na paa letu ni mabati. Gita limekaa nje ya mfuko nusu saa kabla ya kukaza nyuzi. Nailoni hubadilika kwa joto, na zikiwa mpya huendelea kulegea siku kadhaa. Nageuzia uso kabati la nguo lililo wazi, simu katikati yetu, sentimita 30 hivi na pembeni kidogo ya mdomo ili P na B zisipulize. Naiweka hali ya ndege. Kofi moja la kupima: chumba kikijibu, naongeza blanketi.

Saa 7. Chakula, usingizi.

Saa 10. Mvua imefika. Nanakili solfa kwa wino, tarehe chini ya kila ukurasa. Kenya haki ya mtunzi huanza kazi ikishaandikwa au kurekodiwa, na hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni kujiongezea ushahidi. Kwa umri wangu, hesabu hiyo ni ya yule mla mkate.

Saa 12 jioni. Wenzangu wawili wa kwaya wamekuja, mmoja wa alto, sauti ya chini ya wanawake. Nawafundisha mstari mmoja mmoja. Wanavuta pumzi baada ya "mbali", na "majini" linabaki peke yake kama wingi wa jini. Natia alama ya pumzi baada ya *ziwani*, tunarudia mara nne, inashika.

"Mwalimu," alto anauliza akifunga kitabu, "huyu baba anarudi?"

Ubeti wa tatu bado sijauandika.