Siku Baba Alipowataja Watoto Wake Wote

Mwaka 2004 baba alikuwa amestaafu kazi ya reli, na nyumba yetu ya Mafubira, nje kidogo ya mji wa Jinja nchini Uganda, ilikuwa imekamilika. Jumamosi moja alituita sote atusomee wosia wake. Akamwita na baba mdogo kutoka Tororo, jirani yetu mwalimu, na wakili wa mjini. Mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili kama kawaida ya nyumba yetu, maana baba ni Mjapadhola na mama ni Msamia wa Busia.

Mama aligoma kuketi. "Baba watoto, unajiitia kifo?"

"Kifo hakingoji karatasi," baba akamjibu. "Wanaongoja ni ndugu."

Alikuwa amemwona mjane wa rafiki yake wa kazini akitolewa nyumbani kabla udongo wa kaburi haujakauka, mabati yakashushwa na wenye nguvu wakagawana. Wakili akatueleza sheria ilivyokuwa wakati ule kwa aliyekufa bila wosia: watoto asilimia 75, mjane 15, wategemezi 9, mrithi wa ukoo 1. Nyumba yenyewe ilikuwa ikiwekwa kwa ajili ya mrithi huyo. Mjane aliruhusiwa kukaa humo tu, na akiolewa tena ruhusa ilikwisha. (Marekebisho ya 2022 yamempa mjane asilimia 20. Ni afadhali, ila kwangu bado ni kidogo mno kwa mtu aliyejenga pamoja na marehemu.) Aliposikia habari ya nyumba, mama akavuta kiti.

Baba alisoma polepole, miwani yake ikiwa imefungwa uzi upande mmoja. Nyumba ya Mafubira ni ya mama yenu, aolewe asiolewe. Ng'ombe wawili ni wa mdogo wangu. Shamba la Tororo ni la watoto wote sita, wa kike na wa kiume, sawa kwa sawa.

Baba mdogo akaguna. "Kaka, wasichana wataolewa."

"Wakiolewa watakuwa wameacha kuwa wanangu?"

Sisi tulikuwa hatujafika huko bado. Tulikuwa tunatazamana, kwa sababu nyumbani tulikuwa watano.

Baba akavua miwani. Akasema wa sita ni binti yake aliyezaliwa Kasese, miaka ile alipokuwa akifanya kazi kwenye treni za magharibi. Hakuna aliyekohoa. Nilimwangalia mama nikitegemea atainuka atoke. Akamgeukia wakili na kumwambia, "Andika majina yake kama yalivyo shuleni, wasije wakamkana kwa herufi moja." Kumbe alijua. Mpaka leo sijui mtu mwingine ambaye angeweza kusema vile.

Wakati wa kutia sahihi, baba mdogo alikuwa wa kwanza kushika kalamu. Wakili akamzuia kwa adabu: "Mzee, wewe umepewa ng'ombe. Shahidi akisaini wosia unaompa kitu, anakipoteza." Ikabidi mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, aitwe. Yeye na mwalimu wakamtazama baba akisaini kila ukurasa, kisha wakasaini wao. Nakala moja ikaenda na wakili, nyingine kwa padri.

Baba alifariki 2009. Kwenye kikao cha baada ya maziko wazee wa ukoo walianza kumzungumzia mrithi na nyumba, mpaka wakili aliposimama na bahasha. Dada yetu wa Kasese alikuwa ameketi nasi mkekani, na jina lake liliposomwa hapakuwa na wa kuuliza huyu ni nani. Mahakama Kuu ya Jinja ilichukua muda kumpa msimamizi wa mirathi idhini, lakini mama hakulala hata usiku mmoja nje ya nyumba yake.

Kugawa shamba la Tororo hakukutuchukua hata asubuhi nzima. Baba alikuwa ameandika kwamba anayetoka mbali achague kwanza. Dada wa Kasese akachukua kipande cha karibu na kisima, nasi tukafuata kwa umri.