Kufuata maji ya Kilimanjaro kwa miguu: nilipofikia mpaka sasa

Mradi ulianza kwa jambo dogo: kuyafikia kwa miguu maporomoko ya upande wa kusini wa mlima ambayo mtu wa Moshi mjini anaweza kwenda na kurudi Jumamosi moja. Nikachora jedwali kwenye kauntabuku: jina, tarehe, saa za kutembea, hela iliyotoka. Jedwali limeishia mistari minne. Siku hizi sihesabu maporomoko, nafuata maji yenyewe, nayo yamenitoa kwenye ukungu wa migombani yakanitupa kwenye majaruba ya mpunga.

Sheria ni mbili. Daladala ruksa mpaka inapogeuzia. Kuanzia hapo bodaboda ni marufuku, hata mvua inyeshe. Na kila nikifika navua viatu, natia miguu majini, nahesabu mpaka nishindwe. Sina kipimo kingine.

Kinukamori

Hii karibu niione aibu kuiita safari. Ukishuka Marangu Mtoni ni mwendo mfupi tu, na poromoko lenyewe lina mita 15 hivi. Pale juu kuna sanamu ya Makinuka, yule binti wa hadithi aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaja kujirusha, akaghairi, akageuka nyuma na kukutana uso kwa uso na chui. Akaanguka. Wageni hupiga picha na chui.

Miguu: 52.

Kilichonibakia kichwani si poromoko, ni mfongo, yaani mfereji wa kugawa maji, niliokutana nao wakati wa kurudi. Mzee mmoja alikuwa ameinama na jembe anazibua.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umepoteza nini kwenye mfongo wetu?”

Nikamweleza. Hakuona ajabu yoyote, akanionyesha mlango wa maji: jiwe moja, gome la mgomba lililokunjwa, na tope la kuziba pembeni. Akavuta gome, maji yakageuka kuingia kihamba, shamba la nyumbani, cha kulia kana kwamba yameitwa kwa jina. Kila nyumba ina zamu yake, na asiyetokea siku ya kusafisha anatozwa faini. “Zamani ilikuwa mbege. Sasa wanataka hela,” akasema, na nilimsikia akiihurumia ile pombe ya ndizi. Wachagga wamekuwa wakiyagawa maji ya mlima kwa mifereji hii tangu kabla ya Wajerumani, na mteremko wake ni mdogo kiasi kwamba ukitazama haraka utaapa maji yanapanda.

Materuni

Hapa ndipo mradi ulipoharibika, au ulipoanza, sijui nichague lipi. Uru Mashariki, kilomita kama 15 kutoka mjini, kwenye njia inayopita vihamba vya kahawa chini ya migomba. Ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye mteremko wa mwisho soli ya kiatu cha kushoto ilibanduka kuanzia kidoleni ikabaki inapiga makofi kila nikikanyaga. Mama mmoja aliyekuwa anashuka na mzigo wa majani ya ng’ombe akasimama, akanitazama, akachana kamba kwenye mgomba mkavu. “Leta mguu, baba.” Akafunga mara tatu kuzunguka kiatu kizima kama anavyofunga mzigo wake. Ile kamba ilinifikisha na kunirudisha. Gundi ya dukani iliyofuata haikumaliza hata wiki.

Poromoko lina urefu wa mita 80 hivi, na bwawani upepo wake unakulowanisha kabla hujagusa maji. Miguu: 31. Nilipofika 20 vidole havikuwa vyangu tena.

Kijana aliyenisindikiza akanipa maelezo anayowapa wote: maji haya ni barafu ya Kibo, kilele cha mlima, inayeyuka. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu nami nilikua nikiamini hivyo. Ila njiani swali likanisumbua. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyopimwa mwaka 1912. Kama mito yote inaishi kwa barafu, si tungekuwa tumeshakauka?

Nikaenda kusoma. Jibu ni msitu. Kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi upande huu wa kusini, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya inayonyesha Moshi mjini. Barafu mchango wake ni mdogo mno. Huko kileleni kwenyewe ni pakavu. Mvua huangukia msituni, na sehemu ya maji hukimbia juu ya ardhi, ndiyo haya maporomoko tunayolipia kiingilio. Sehemu nyingine huzama. Mlima ni wa volkano, mwamba wake una nyufa na matundu, maji hupenya na kusafiri chini kwa chini mpaka tambarare, ndipo hutokeza kama chemchemi.

Kwa hiyo nilikuwa nikihesabu nusu ya mambo. Ndiyo maana nikaliacha jedwali.

Rau

Msitu wa Rau uko pembeni kabisa mwa mji, na watu wengi ninaowajua hapa Moshi hawajawahi kuingia. Ni msitu unaokunywa maji ya chini ya ardhi: unatoka kwenye jua la saa sita, hatua hamsini uko kwenye kivuli chenye unyevunyevu, mbega wanakutazama kwa dharau, na mivule imesimama kama nguzo za kanisa. Miguu: nilifika 110 nikavamiwa na siafu. Haihesabiki.

Ukitokea upande wa kusini maji yanaanza kazi. Mito ya Njoro na Rau ndiyo inayolisha mpunga wa Mabogini na Chekereni, mradi uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Nilitembea kwenye tuta la mfereji wa saruji nikamkumbuka mzee wa Marangu na gome lake. Hapa mlango ni wa chuma na una kufuli, lakini maneno niliyoyasikia ni yaleyale: wa juu wamekula zamu yetu.

Chemka

Nilianzia Boma Ng’ombe alfajiri, nikashika njia ya vumbi kuelekea Rundugai. Bodaboda wa kwanza alinifuata mwendo mrefu. “Kaka, Chemka kwa miguu? Umegombana na nani?” Wa tatu alinipa ndizi.

Ni miba na vumbi mpaka unachoka kuamini, kisha ghafla mikuyu ya kijani, mizizi imeingia majini kama vidole, na maji ya rangi ambayo ukiichora utaambiwa umetia chumvi. Jina linatisha bure. Hayachemki, ni vuguvugu tu, yanabubujika kutoka chini. Muziki wa spika ulikuwa juu mno kwa mahali kama pale, nikasogea mbali. Miguu: 600, nikaacha mwenyewe kwa sababu samaki wadogo walikuwa wakinitafuna ufa wa kisigino.

Nilikaa nikiyatazama yanavyotoka. Haya hayajaruka popote wala hayajapigwa picha. Yamepita gizani, na kiangazi ndiyo yanayoushika Mto Kikuletwa usikatike. Kikuletwa huingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, hukutana humo na Ruvu inayotoka Ziwa Jipe, na maji yanayotoka hapo yanaitwa Pangani mpaka baharini.

Nilipokwama

Wiki mbili zilizopita nilijaribu kuushuka Kikuletwa kwenda bwawani. Saa nne tu za asubuhi mvuvi mmoja alinipigia mluzi kutoka ng’ambo: “Hapo usikanyage, kaka! Mamba!” Nilirudi nikiwa nimeangalia nyuma zaidi ya mbele. Miguu: sifuri.

Safari ijayo nitapitia upande wa Kifaru, njia ndefu lakini ina watu, na baadaye nitafute mtu wa kunipitisha kwenye kinamasi cha Kirua chini ya bwawa. Kiatu kiko kwa fundi, nakichukua Alhamisi. Nimemwambia safari hii ashone.