Matairi ya Nyuma

Kusi lilikuwa limeshaanza kuvuma, na pale Kilifi boti za kuvulia watalii zilikuwa zikipandishwa nchi kavu moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa saidia fundi kwa mzee mmoja tuliyemwita Ami. Likaletwa trela la ekseli mbili, yale mavyuma yanayoshika magurudumu, na mwenyewe akashuka kwenye pikapu akiwa tayari amekasirika.

"Mzee, tazama! Matairi mapya, msimu haujesha, yameisha!" Yalikuwa mawili ya nyuma, na si mara ya kwanza. Mwenye duka la matairi alikuwa ameshatukanwa vya kutosha.

Ami alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha akarudi. "Hebu shika." Kwenda kulikuwa laini, kurudi, kingo za kashata, yale mafungu ya mpira usoni mwa tairi, zilikwaruza.

"Si upepo huu. Ukipungua, tairi huliwa pande zote mbili. Ukizidi, huliwa katikati. Ekseli ikipinda, upande mmoja. Hili linaburutwa kwa ubavu."

Hata hivyo alitaka kuziona beringi. Trela la boti lina ugonjwa wake: habu, kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani, hufika ufukweni ina moto, ikatoswa ghafla majini, hewa ya ndani ikanywea na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili, kile kizibo cha mpira. Grisi hugeuka nyeupe, beringi zikafa. Tukapiga jeki, tukatikisa kila gurudumu. Hakuna lililocheza, na grisi ilikuwa safi.

Ndipo akatoa futi. Akapima kutoka habu ya mbele hadi ya nyuma upande wa kulia, kisha kushoto. Kushoto kulizidi kwa karibu sentimita mbili. Nikatumwa chini na brashi ya waya, na kutu ilipobanduka tukaona: yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana ekseli na springi, zimelegea, na sentabolti, ile inayofunga mabamba ya springi na kuizuia ekseli isihame, imekatika. Ekseli ya nyuma ilikuwa imekaa upogo. Barabarani matairi yake yalitaka njia yao, na yale ya mbele yalitaka njia yao. Hata hayo ya mbele yalishaanza kukwaruza, ila hakuna aliyekuwa ameyashika.

Tulibadilisha sentabolti na yubolti za pande zote, tukapima tena mpaka kulia na kushoto kukawa sawa. Yalibaki matairi mawili ya kununua. Mwenye trela alitoa pesa, akanituma mimi dukani. Yeye alisema ana shughuli.