Dakika sita na nusu za M1

Baba yangu aliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi, na kila safari tajiri wake alimpimia dizeli. Lita kadhaa za kwenda, lita kadhaa za kurudi. Zikibaki ni zake, zikipungua anatoa mfukoni mwake. Kwa hiyo alikuwa na daftari. Likizo za shule nilipopanda naye, kazi yangu kwenye kabini ilikuwa kumwandikia: kilomita zinazosomeka kwenye geji, lita alizojaza, mzigo ni wa nini na uzito wake. Nilidhani ananipa kitu cha kufanya nisisinzie.

Mwaka 2022, nikiwa Leicester, niliingia duka la vifaa vya shule nikanunua daftari kama lile. Katikati ya mwaka ule dizeli Uingereza ilikaribia pauni 2 kwa lita. Nafanya kazi kwenye ghala moja karibu na Milton Keynes, zamu za urefu wa saa kumi na mbili, siku nne kwa wiki. Toka nyumbani hadi kazini ni kama maili 50, na karibu zote ni motowei ya M1, yaani barabara kuu ya mwendo kasi: naingia jankisheni ya 21, natoka ya 14. Kwenda na kurudi maili 100, kwa wiki maili 400, yaani kilomita 640 na ushee. Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na treni ya kunifikisha saa hiyo haipo. Na nyumbani Morogoro kuna dawa za mama za kila mwezi ambazo haziwezi kusubiri bei ya mafuta ishuke. Kila nilipokuwa sheli nikiangalia namba za pampu zikikimbia, nilikuwa naona pesa ileile ikigawanyika mbele ya macho yangu.

Gari langu ni la dizeli, injini ya lita 2, gia sita za mkono, wakati ule lilikuwa na miaka kumi. Wenzangu wote walikuwa wananiambia, "Wewe una dizeli, kwenye motowei unakwenda bure." Nami niliamini mpaka nilipoanza kuandika. Njia ni ya baba: unajaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, unaandika kilomita, unaendesha wiki nzima, unajaza tena mpaka ijikate, kisha unagawanya kilomita kwa lita. Dashibodi ilikuwa inanionyesha kilomita 17 kwa lita. Daftari likasema 15. Tangu siku hiyo sisomi ile namba ya dashibodi, maana nyingi zinajipendelea.

Jambo la kwanza lililonifungua macho halikuwa ushauri wa mtu, lilikuwa ukarabati wa barabara. Kipande kirefu cha njia yangu kiliwekewa kikomo cha maili 50 kwa saa, na kamera zinazopima wastani wa spidi toka nguzo hadi nguzo, kwa hiyo huwezi kukimbia katikati ukapunguza mbele ya kamera. Nilikuwa nanung'unika kila asubuhi kama wengine. Lakini wiki ya kwanza nilipogawanya nikapata 16.6. Nikadhani nimekosea hesabu. Wiki ya pili ikawa vilevile. Sikuwa nimebadilisha kitu chochote kwenye gari.

Mimi nilikuwa mtu wa maili 75 kwa saa. Kikomo cha motowei ni maili 70, kama kilomita 113 kwa saa, lakini ukiwa 70 kamili watu wanakupita, na mtu aliyechoka anafuata wenzake. Kitu ambacho nilikuwa sikijui ni jinsi upepo unavyofanya kazi. Nguvu ya hewa inayokuzuia haipandi sawasawa na spidi, inapanda kwa mraba wake. Toka maili 60 hadi 70 umeongeza spidi kwa asilimia 17 tu, lakini upepo unakukaba kwa asilimia 36 zaidi. Mjini mafuta yanaliwa na kusimama na kuondoka. Kwenye motowei, sehemu kubwa ya dizeli yako ni ya kupasua hewa. Ndiyo maana nasema hakuna dawa ya chupa, wala mafuta ya bei ya juu, wala kifaa cha kuchomeka kitakachofikia ulichopata kwa kuinua mguu kidogo. Ile dawa ya kusafisha nozeli, vile vinyunyizio vya dizeli ndani ya injini, nilijaribu, chupa mbili. Daftari halikuona tofauti.

Nikakaa nikapiga hesabu ya muda, kwa sababu muda ndio watu wanaouogopa. Kipande changu cha motowei ni maili 45. Kwa maili 70 ni dakika 38 na nusu. Kwa maili 60 ni dakika 45. Tofauti ni dakika sita na nusu. Mke wangu alipoona ile karatasi alisema, "Baba, dakika sita si ndizo unazokaa ndani ya gari hapo nje ukimalizia simu?" Alikuwa na haki kabisa.

Basi nikahamia maili 60. Na hapa niseme maili 60 za kweli, za ramani ya simu, kwa sababu spidometa kisheria hairuhusiwi kusoma chini ya spidi halisi, kwa hiyo watengenezaji huziacha zisome juu kidogo. Yangu inaonyesha 63 ninapokuwa 60.

Wiki za mwanzo ni ngumu, nisikufiche. Unajiona kama mgonjwa barabarani. Malori makubwa hapa yamefungwa yasizidi maili 56, kwa hiyo njia ya kushoto ni yao, na wewe uko kidogo tu juu yao. Ukitaka kulipita lori kwa maili 60, mpaka urudi kushoto inakuchukua nusu dakika au zaidi, na walio nyuma wanakuwashia taa. Nilichojifunza ni kuangalia mbali. Nikiona nyuma hakuna mtu, nalipita polepole. Nikiona magari yanakuja, ama nabaki nyuma ya lori, ama naongeza hadi 65 au 70, namaliza, narudi kushoto. Kuongeza mara tatu kwa safari hakuharibu hesabu ya tanki zima.

Kuna vijana wanasema uligandie lori mgongoni ili likukingie upepo. Ni kweli upepo unapungua. Lakini kwa maili 60 gari linahitaji mita 73 kusimama, na dereva wa lori hakuoni kabisa ukiwa karibu hivyo. Mimi nakaa sekunde mbili nyuma, mvua ikinyesha sekunde nne. Baba alizika wenzake wawili waliokuwa wakifuatana karibu namna hiyo kwenye ukungu, na sitasahau alivyorudi nyumbani siku ile.

Mwisho wa majira ya joto nilikuwa kwenye 17.5. Kisha baridi ikaingia, na Desemba nikaanguka hadi 16. Hewa ya baridi ni nzito zaidi kuipasua, hilo lipo, lakini kushuka namna ile kulinisumbua. Nikapeleka gari gereji moja, wakaniambia gari ni zee, wakataka nibadilishe nozeli zote nne kwa bei ambayo ningeweza kununua gari jingine. Nikaondoka na moyo mzito.

Mwenzangu kazini akanielekeza kwa fundi mmoja, mzee wa Kihindi mwenye gereji ndogo nyuma ya barabara ya Melton. Leicester ina wazee wengi wa namna hii, waliokuja mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Huyu alizaliwa Jinja. Nilipomwambia natoka Tanzania akaacha Kiingereza palepale. Kiswahili chake ni cha gereji, kifupi, hakina mapambo, nami nilisikia kama nimefika nyumbani.

Hakufungua boneti. Akasema, "Washa, tuende motowei." Tukaingia, akawa anatazama kipimo cha joto tu. Mjini mshale ulipanda hadi 90. Tulipofika maili 60, hita ikiwa imewashwa, ukaanza kushuka. 85. 80. Ukafika 70 na kukaa hapo.

"Unaona, kijana? Injini yako inasikia baridi. Themostati imekwama wazi."

Themostati ni kivalvu kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Ikikwama wazi, maji yanazunguka muda wote, na kwenye motowei upepo wa baridi unapoza rejeta kuliko injini inavyoweza kujipasha. Kompyuta ya gari inaona injini baridi, inaongeza dizeli. Oili inabaki nzito. Mimi nilikuwa nimeuona ule mshale kwa miezi na kuridhika kwamba gari halichemki! Sisi tuliokulia kwenye joto tumefundishwa kuogopa mshale ukipanda. Ukishuka, hakuna aliyetuambia kitu. Kama uko Ulaya au Kanada na una dizeli, baridi hii hebu utazame mshale wako ukiwa barabara kuu, si mjini.

Mzee akabadilisha ile kitu kwa pesa ambayo siwezi kuilalamikia. Kisha akazunguka gari. Akagonga vyuma vya keria juu ya paa: "Hivi unabebea nini?" Nilivifunga siku tulipohama nyumba, miaka miwili nyuma. Akavifungua mwenyewe akanikabidhi mkononi. Akapima upepo wa matairi: mawili yalikuwa psi 27, kibandiko kwenye nguzo ya mlango kinasema 33. Akaniambia nipime asubuhi kabla sijaendesha, maana tairi likishapata moto linadanganya. Akaweka kiganja karibu na kila rimu tuliporudi kutoka motowei, kuona kama kuna moja yenye moto kuliko nyingine, dalili kwamba breki imeng'ang'ania. Hakukuwa na tatizo hapo. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo." Akacheka, akaitikia vizuri kabisa, "Marahaba."

Wiki iliyofuata, Desemba ileile, 18.9.

Kuna jambo moja alilonieleza ambalo lilinipeleka kwenye simu usiku ule. Baba alikuwa na tabia, kwenye miteremko mipole ile baada ya Chalinze, anatoa gia na kuliacha lori liserereke. Kwenye mlima Kitonga hakuthubutu. Pale aliingiza gia ndogo toka juu na hatukuzungumza mpaka tufike chini. Lakini kwingine kote akiona mteremko aliniambia, "Andika, hapa hatuli kitu." Mzee wa Jinja akasema hapana. Ukiwa ndani ya gia na umeachia pedeli kabisa, magurudumu yanaizungusha injini, na pampu inakata dizeli yote. Ukitoa gia, injini inabidi ijizungushe yenyewe ili isizimike, na kwa hiyo inakunywa. Nikauliza kama ni kwa haya magari ya kompyuta tu. Akasema hata zile pampu za zamani zilikuwa na kidhibiti, wanakiita gavana, kinachokata mafuta ukiachia mguu.

Baba alinyamaza muda kwenye simu. Kisha akauliza, "Hata ile Scania?"

"Hata ile, baba."

"Miaka yote ile." Halafu akaniomba niseme tena taratibu, nikajua anaandika.

Siku hizi nikiona foleni inajikusanya mbele, naachia mguu mapema nikiwa bado gia ya sita, gari linakwenda kwa uzito wake bila dizeli hata tone, na mara nyingi nikifika foleni imeshaanza kusogea. Kruzi, ile inayoshika spidi yenyewe, naitumia sehemu tambarare. Kwenye vilima vya Northamptonshire naendesha kwa mguu, naacha spidi ishuke maili mbili tatu ninapopanda na irudi yenyewe nikishuka, kwa sababu kruzi hailijui hilo, inakanyaga tu. Madirisha nafunga.

Na ile filta ya masizi kwenye ekzosi, tafadhali usikubali mtu aitoboe. Dizeli zetu hizi kila baada ya muda zinajisafisha: zinamwaga dizeli ya ziada ili joto la filta lifike kama nyuzi 600 na masizi yaungue. Utaona mzunguko wa injini umepanda ukiwa umesimama, feni inazunguka hata ukizima, na wiki hiyo mafuta yatazidi kidogo. Ukizima katikati, itaanza upya kesho, na utalipa mara mbili. Nikiziona dalili hizo karibu na nyumbani nazunguka dakika kumi zaidi. Na injini iliyo baridi, kama yangu ilivyokuwa, haiwezi hata kuimaliza kazi hiyo vizuri. Kuendesha gari lililotobolewa filta ni kinyume cha sheria hapa, na tangu Februari 2014 ukaguzi wa mwaka unaangalia kama filta ipo.

Majira ya machipuko nilifika 19.8 na nimebaki hapo hapo, juu kidogo au chini kidogo. Kwa njia yangu ni lita kumi kila wiki ambazo sizinunui. Bei ilishuka baada ya ule mwaka, lakini hata kwa pauni 1 na peni 40 ni pauni 14 kwa wiki, na kwa mwaka ni zaidi ya shilingi milioni 2 za nyumbani. Dawa za mama sasa zina fungu lake.

Jumapili nikipiga simu, baada ya salamu, kabla hata hajaniuliza habari za watoto, baba anauliza, "Wiki hii?" Namsomea kilomita, namsomea lita. Yeye anagawanya kichwani kabla sijampa jibu. Jumapili iliyopita akasema, "Imepungua pointi mbili. Umepima upepo?"

Nilikuwa sijapima.